Koili chini ya lami

Juzi, basi la umeme nililopanda kuelekea Rongai lilikwama kwenye foleni ya Barabara ya Lang'ata jijini Nairobi, nami nikachungulia kipimo cha betri mbele ya dereva: asilimia 31. Nilikumbuka mtaa wa 14th Street mjini Detroit, Marekani, ambako tangu Novemba 2023 koili (nyaya zilizoviringishwa) za shaba zimefukiwa chini ya lami, na hupata umeme pale tu gari lenye kipokezi linapopita juu yake, likachajiwa bila waya hata likiwa mwendoni. Kwetu zingefaa zaidi penye foleni, kwa kuwa gari huketi juu ya koili muda mrefu (foleni tunazo tele). Ninaowahofia ni wachimbaji wa mitaro ya mabomba, ambao hukata lami mpya kabla rangi ya mistari haijakauka, kisha wakarudishia kifusi.