Siku moja maishani mwangu: kufunga jiko la mama, Tabata Segerea

Saa 11 alfajiri. Adhana inanikuta macho. Mimi ni fundi wa makabati ya jikoni, na siku ya kwenda kufunga jiko jipya huwa silali vizuri, narudia vipimo kichwani, kabati moja baada ya jingine. Nakaa Mbagala, karakana yetu iko Keko, na kazi ya leo iko Tabata Segerea. Chai ya rangi, begi la vifaa, natoka.

Saa 12, karakanani. Kijana wangu wa kazi ameshafika, na kirikuu, gari la mizigo, imeshasogezwa kinyumenyume hadi mlangoni. Makabati tunayasimamisha, katikati tunabana vipande vya godoro yasikwaruzane. Milango tumeifunga blanketi peke yake. Tunawahi kwa sababu Barabara ya Nyerere ikishajaa magari, asubuhi yote imekwenda. Pale Tazara tunapita chini ya daraja la Mfugale, tunakata kulia kuishika Mandela, Buguruni hiyo, Tabata hiyo.

Saa 1:30. "Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibuni. Chai kwanza, kazi baadaye."

Mama mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu, na vitumbua vyake huwezi kuvikataa. Wakati tunakunywa, nieleze jiko hili lilivyoanza. Wanawe walinitumia picha kwenye simu: makabati meupe, kaunta nyeusi inayong'aa, wakasema mama afanyiwe hivihivi. Siku ya kwanza nilipokuja kupima niliiweka simu pembeni, nikamwomba mama apike kama kawaida yake. Nikakaa kwenye kigoda nikamtazama. Kaunta yake ya zamani, ya saruji, ilikuwa sentimita 95 kutoka sakafuni. Vitunguu alikatia hapo huku mabega yamepanda karibu na masikio. Ilipofika zamu ya chapati akabeba kibao, akaenda kukaa barazani, akakiweka mapajani. Miaka yote hiyo jiko lake lilikuwa linamfukuza.

Kipimo kilichozoeleka cha kaunta ni sentimita 90 hivi. Ni kipimo kizuri kwa mtu wa kimo fulani, ila mama si huyo mtu. Nilimsimamisha bila viatu, akakunja mkono, nikapima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko: 97. Kwa kukata na kuchambua, kaunta inatakiwa iwe chini ya kiwiko kwa sentimita 10 au zaidi kidogo, kwa hiyo nikaandika 86. Chapati ni habari nyingine. Unaposukuma unga unatumia uzito wa mwili, mikono inashuka, na meza lazima ishuke nayo. Karibu na dirisha nikachora kipande cha kaunta chenye urefu wa sentimita 90, kimo chake 78. Wanawe walisema itaonekana kama fundi alikosea. Niliwajibu kwa heshima kwamba anayesimama pale kila siku ni mama yao.

Saa 2:30. Jiko tupu, tunakagua kona. Napima sentimita 60 ukuta mmoja, 80 ukuta wa pili, halafu naunganisha alama hizo mbili. Kona ikiwa sawa unapata 100 kamili. Nimepata 100 na nusu. Nusu sentimita unaweza kuidharau, lakini ukiifuata hadi mwisho wa ukuta wa mita 2.4 inakuwa uwazi wa sentimita mbili na nusu nyuma ya kabati la mwisho. Nyumba nyingi ninazoingia ziko hivi, kwa hiyo kila kazi nabeba ubao wa ziada wa kuziba.

Saa 3. Makabati ya juu yanatangulia, kwani ya chini yakishakaa hakuna pa kusimama. Tumeyashusha kidogo ili rafu ya kwanza mama aifikie bila kupanda kigoda.

Saa 5. Ya chini. Hapa ndipo nina ugomvi na mafundi wenzangu. Ubao wa MDF, ule wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, ni mzuri, unanyooka, unapokea rangi, lakini adui yake ni maji. Kwenye begi natembea na kipande kimoja nilichokilaza usiku kucha kwenye kikombe cha maji. Upande mkavu una milimita 18. Upande uliolowa umevimba kama mkate uliochovywa kwenye chai, na ukiugusa kwa kucha unameguka. Wateja nawapa washike wenyewe. Kwa hiyo hakuna kabati langu linalogusa sakafu. Yote yanasimama juu ya miguu ya plastiki ya sentimita 10, mtu anadeki bila wasiwasi, na vidole vya miguu vinapata pa kuingia anaposimama. Kabati la sinki ni la plaiwudi inayohimili maji, na kila ukingo uliokatwa umepakwa vanishi mara mbili.

Kabati la mtungi wa gesi nimelitoboa matundu chini kabisa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni, kwa hiyo tundu la juu peke yake halisaidii kitu. Pembeni yake kuna nafasi nyembamba ya kusimamisha mbuzi ya nazi iliyokunjwa. Hiyo mama aliiomba mwenyewe, kwa sauti ya chini, kana kwamba jiko jipya halistahili mbuzi.

Saa 7 mchana. Umeme umekatika. Wali, maharage na mchicha, kisha ule ubao wa kuziba uwazi wa ukutani tunaukata kwa msumeno wa mkono.

Saa 8:30. Graniti imefika, vipande vitatu. Mafundi wa graniti wanalibeba jiwe likiwa limesimama kama kioo, kwa sababu mbele ya tundu la sinki limebaki utepe mwembamba tu, na ukilibeba limelala linakatikia hapo. Tunalijaribisha: tundu ni dogo kwa sentimita moja. Umeme umerudi, wanataka kulipanua palepale juu ya makabati, tena bila maji. Nimekataa. Vumbi la jiwe hili lina madini ya silika, na pafu likishaharibiwa nalo halirudi. Tumelitoa uani, mmoja anakata, mwingine anamwaga maji kwenye msumeno, wote barakoa usoni. Imetuchelewesha karibu saa nzima, na kesho ningefanya vilevile.

Saa 12 jioni. Pima maji inasoma sawa pande zote. Napiga silikoni kuzunguka sinki na kando ya ukuta, nainyoosha kwa kidole kilicholowa maji ya sabuni. "Mama, maji usiyaguse hadi kesho jioni, saa 24 kamili." Anaitikia, halafu anakwenda kuchukua kibao na mpini wa chapati. Anasimama dirishani kwenye kile kipande cha chini, anasukuma bila unga, mara tatu, nne. Mabega hayajapanda.

"Hapa naweza kufanya hata kilo mbili," anasema.

Saa 1:15 usiku. Tunafagia, tunapakia. Mlango wa kabati la pili kutoka dirishani umeshuka milimita mbili. Mama hajauona. Jumamosi narudi na bisibisi kuikaza bawaba.