Chewa wa mvuke, bila nazi

Tanga ukimpikia mtu samaki pasipo nazi, pasipo ukwaju na pasipo kumkaanga, atakuuliza nani anaumwa. Nimeshazoea. Pishi hili nilifundishwa na wifi yangu, anayekwenda Guangzhou kufuata mzigo wa duka. Huko, anasema, samaki wanaogelea kwenye matangi ya vioo mkahawani, mteja ananyoosha kidole, na muda si mrefu analetewa wake mezani amepikwa mzima, kichwa na mkia. Na mmoja wanayemtukuza ni chewa, huyu huyu ambaye sisi tunamkata vipande tukamzamisha mchuzini.

Kazi kubwa iko sokoni. Nazi na pilipili humsitiri samaki aliyelala, mvuke haumsitiri. Kwa hiyo nawahi soko la samaki la Deep Sea asubuhi, na matamvua nayafunua mwenyewe bila kuona haya. Yawe mekundu, si ya kahawia. Jicho liwe limejaa na liking'aa. Nikibonyeza ubavu, nyama irudi. Muuzaji akianza kuniapia kuwa huyu kavuliwa usiku huu huu, mie naendelea kubonyeza. Nachukua mdogo, wa chini ya kilo, maana lazima aenee sahanini na sahani ienee sufuriani. Chewa akikosekana, changu anafaa sana. Kibua simshauri mtu. Huyo mafuta yake na harufu yake vinataka moto wa mkaa.

Nyumbani namparua magamba, namtoa matumbo, na ile damu nyeusi iliyoganda ndani kwenye uti wa mgongo naikwangua mpaka iishe. Shombo inakaa humo. Ndimu simpaki, na hapa najua nitagombana na nusu ya watu wa Ngamiani hapa Tanga, lakini ndimu humgeuza nyama kabla hajaona moto. Namfuta akauke, namchanja kila ubavu, natia vipande vya tangawizi tumboni na kwenye michanjo. Wachina humnyunyizia na mvinyo wa mchele. Kwangu hauingii, na tangawizi inatosha.

Sufuria maalumu ya mvuke sina. Kibakuli cha bati nakifudikiza ndani ya sufuria pana, natia maji yasiyofika juu yake, kisha sahani inakaa hapo. Chini ya samaki natandika mashina ya vitunguu majani, mvuke upate kupita upande wa chini pia. Maji yatokote kwanza ndipo samaki aingie. Mfuniko naufunga kitambaa ili matone yasimdondokee. Mwenye nusu kilo na kitu anataka dakika 8 mpaka 10 za moto mkali, na kama unatumia mkaa, pepea, tena usifunue funue. Jicho likigeuka jeupe na kutokeza, choma kijiti nyuma ya kichwa, penye nyama nene. Nyama ikiachia mfupa, epua hapo hapo. Dakika chache za ziada zinamfanya mkavu.

Maji yaliyojikusanya sahanini yote namwaga. Mama mkwe husema, "Mwanangu, utamu huo unaumwaga!" Shikamoo mama, lakini ile ni shombo iliyotoka.

Tangawizi iliyoiva naitoa, naweka mpya iliyokatwa nyembamba sana, vitunguu majani na giligilani. Mafuta ya alizeti nayachemsha mpaka yaanze kutoa moshi, nayamwaga juu ya majani: chaaa! Nyumba nzima inajua. Mwisho sosi ya soya, vijiko vitatu vya kulia vilivyochanganywa na maji moto kidogo na sukari ya kuonja, ninayoimimina pembeni mwa samaki, si juu yake. Chagua soya nyepesi, maana ile nzito inamfanya mweusi kama kaungua. Chumvi usiongeze, soya inayo ya kutosha.

Wali wake ni mweupe, wa maji. Wa nazi utamfunika, na hapo tutakuwa tumerudi kule kule. Ule mchuzi wa soya na mafuta uliobaki sahanini ndio wa kumwagia wali, na watoto wangu wanaugombea kuliko samaki mwenyewe. Mama mkwe naye anakula, ila anakuja mezani na kibakuli chake cha pilipili ya ukwaju. Simkatazi. Kichwa cha samaki ni chake, na mashavu ya chewa ndiyo nyama laini kuliko zote.