Watu wanasoma bwana, kazi ni kitabu kiwafikie

Kuna sentensi nikiisikia nachoka kabisa, ile ya "Watanzania hawasomi", na mara nyingi anaisema mtu ambaye mwenyewe kitabu cha mwisho kushika ni cha fomu foo. Mi naishi Dar, kuandika ndo kazi yangu, na vitabu nanunua hata ile wiki ambayo gesi imeisha, kwahiyo haya mambo nayaona kwa karibu kidogo na nasema watu wanasoma. Nenda kituoni asubuhi kwenye meza ya magazeti uone, watu wamejaa wameinamisha shingo wanasoma vichwa vya habari bure mpaka muuzaji anaanza kukohoa, afu wanabishana kwa nguvu habari ambayo hakuna hata mmoja aliyeifungua ndani. Panda mwendokasi toka Kimara uchungulie simu ya jirani yako (tabia mbaya najua, ila mi ni mwandishi nisameheni), huyu yuko kwenye hadithi ya grupu sehemu ya 47, yule anaandika "admin tupia nyingine basi jamani usitutese". Sehemu ya 47! Mtu kafika huko we unaniambia hasomi?

Na wala si mambo ya simu tu. Waulize waliokua vijana miaka ya 80 wakupe habari za wale wapelelezi wa kwenye riwaya, Willy Gamba wa Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, kitabu kimoja kinazunguka mtaa mzima kinarudi hakina jalada, kurasa za mwanzo hazipo na mwenyewe anakidai kwa ugomvi. Afu yakaja magazeti yenye hadithi za kuendelea, kuna watu walikua wananunua gazeti zima kwa ajili ya ule ukurasa mmoja tu, Eric Shigongo jina lake limekua hukohuko. Kwahiyo hamu ya hadithi ipo toka zamani. Kinachosumbua ni kingine na nitakifikia, ngoja kwanza niwaambie nakula vipi.

Riwaya hainilishi. Kinachonilisha ni maneno yasiyo na jina langu, yani ripoti ya mradi wa vyoo vya shule, tafsiri ya kipeperushi cha mikopo, tangazo la redio la sekunde 30 ambalo bosi anataka liwe na vichekesho na namba tatu za simu na maelekezo ya duka lilipo. Kazi unaimaliza leo, hela unaambiwa ipo kwenye mchakato, unapiga simu uhasibu anayesaini kasafiri, anayesaini akirudi mfumo uko chini, na siku ikiingia unakuta imeshakatwa kodi ya zuio asilimia 5 na ushapanga matumizi kwa hesabu ya kabla ya makato. Mama mwenye nyumba wangu ananionaga nimekaa ndani na kompyuta toka asubuhi, siku moja akanisogelea taratibu kabisa, "Mwanangu, kazi bado hujapata tu?" Nikamwambia mama mbona nipo kazini hapa, hii ndo kazi yenyewe. Akaniangalia weee, akasema haya mwanangu, Mungu atafungua mlango.

Ila nisiwe mnafiki, hizo kazi zisizo na jina zina utamu wake. Kuna mzee mmoja, dereva wa lori mstaafu, alikua anaoza binti yake na hotuba anayo ya mstari mmoja tu, namshukuru Mungu basi. Nikakaa nae kwenye benchi nje kwake nikamuuliza hivi huyu mtoto ulikua ukirudi safari anakupokeaje, aisee mzee akaongea lisaa lizima, kwamba mtoto alikua anazijua honi za malori, la baba yake likipiga honi bado liko barabara kubwa yeye keshatoka nje na ndoo ya maji ya kunawa, na siku lori lilipoharibika Mikumi mtoto alikaa na ile ndoo mpaka usiku maji yakaingia wadudu. Nikaandika vilevile alivyosema, sikuongeza chumvi. Nasikia ukumbini MC mwenyewe alishindwa kuendelea na ratiba. Sikualikwa, pilau nimehadithiwa tu, lakini wiki ile nilitembea Kimara nzima najiona mtu.

Sasa tuje kwenye kitabu. Watu wanadhani ugumu uko kwenye kuandika, nendeni kiwanda cha kuchapa. Kule karatasi kubwa ikikunjwa inatoa kurasa 16, kwahiyo kitabu kinahesabiwa kwa mafungu ya 16, na muswada wangu ulikua umetoka kurasa 164. Jamaa wa mashine akaniangalia kwa huruma, "Dada, hizo nne zitakulipisha fungu zima, ama ongeza 12 ama toa 4". Usiku uleule nikakata harusi ya shangazi. Ilikua harusi nzuri, ina taarabu, ina ugomvi wa masinia ya pilau, ina mtu kaja na wifi asiyealikwa, nikaikata yote shangazi akabaki ameolewa kwa sentensi moja, kitabu kikaingia 160. Hakuna msomaji aliyewahi kuiulizia hiyo harusi na mpaka leo inaniuma. Afu kuna hesabu ya idadi, gharama ya kutengeneza pleti, zile bati za kuchapia kurasa, ni ileile uchape 100 au 1,000, kwahiyo ukichapa vichache kila kimoja kinakua ghali na ukichapa vingi bei inashuka ila hela ya kuchapa vingi huna, na hata ukikopa utaviweka wapi. Mi vyangu vimelala chini ya kitanda juu ya vichanja vya mbao maana Dar na vitabu haviivani, unyevu wa pwani unazivimbisha kurasa, na mchwa hawajui hiki ni cha nani.

Kuna kaugonjwa kengine nako, nikishika kitabu chochote nageuza nyuma naangalia ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu. Za hapa kwetu zinatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, ambayo ndo ina ile Maktaba Kuu ya Taifa mtaa wa Bibi Titi iliyofunguliwa 1967, na namba zetu utakuta zina 9976 kwa vitabu vingi vya zamani au 9987 kwa vya baadae. Siku nimeona yangu imechapwa pale nyuma, 9987, nilikaa nikaipapasa na kidole. Na Posta kwa wale wanaotandaza vitabu vya mitumba chini ndo uchawi wangu ulipo, hela ya nauli ya kurudia inaishia pale. Unafukua vya uhasibu, unafukua vya mapenzi vya Kizungu vyenye mwanaume kifua wazi, afu chini kabisa unakutana na 9976, kitabu cha Tanzania Publishing House, haohao wa duka la Samora ambao 1972 walitoa kile cha Walter Rodney cha jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Ndani kina muhuri wa maktaba ya sekondari fulani na jina la mtu kwa wino wa bluu na tarehe ya kurudisha imeshapita miaka na miaka. Muuzaji anajua ukishakunja uso namna ile umenasa, "Elfu saba sister, hicho hukipati tena popote". Najifanya naondoka. Haniiti. Narudi mwenyewe.

Haya, tatizo lenyewe. Kitabu changu nauza elfu 15. Msomaji yuko Mwanza kanitumia hela kwa simu, vizuri, sasa kimfikie. Bodaboda mpaka stendi ya Magufuli pale Mbezi, pale unalipia kifurushi kwenye basi, unaandika namba ya mtu kwa makapeni, unampigia kondakta, unampigia msomaji, kifurushi kinafika usiku wa manane na yeye nae anapanda boda kukifuata. Ukijumlisha usafiri wa pande zote mbili unakaribia bei ya kitabu chenyewe. Basi peleka madukani, maduka ya vitabu mengi yanaishi kwa madaftari na vitabu vya shule, Januari ndo sikukuu yao, riwaya wanachukua mali kauli, wanaipanga rafu ya chini kabisa nyuma ya rula na kompasi, ukirudi baada ya miezi unaambiwa bado havijatoka na ukiinama unakuta nailoni haijatolewa. Siwalaumu sana, kodi ya fremu hailipwi na riwaya. Ila kuna duka moja, silitaji, viliisha vyote na hela hawajanipa, nikipiga simu mwenyewe kaenda kuswali. Saa tano asubuhi.

Kwahiyo pengo hilo linazibwa na nini? PDF. Juzi imeingia meseji WhatsApp namba siijui, "Dada hongera sana nimesoma kitabu chako nimelia, Mungu akutunze". Nikajaa. Nikauliza umekipatia wapi mpenzi? "Kipo kwenye grupu letu, kuna mtu alikiforwadi, tena tupo wengi tumekipenda, sehemu ya pili inatoka lini tuwekee?" Jamani. Yani nimekaa nacheka huku nataka kulia, maana hasira ipo, COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, wapo na sheria yenyewe ipo toka 1999, lakini we unamshtaki nani, grupu la wamama 200 wanaonipenda? Nikamjibu asante, nikamtumia namba ya malipo nikamwambia ukijisikia tu. Alituma elfu tano. Wengine ndo wanasubiri sehemu ya pili.

Na usidhani ni sisi wadogo tu. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, kachukua Nobel ya fasihi 2021 na ni mpaka hapo wengi wetu huku ndo tukaanza kuulizana anaandikaga nini. Paradise yake ilitoka 1994, kwa Kiswahili tumeipata 2022, Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Mkuki na Nyota wakaichapa hapahapa Dar. Miaka 28 kwa kitabu chenye habari za pwani yetu! Nimekisoma nimesimama kwenye mwendokasi na mkono mmoja kwenye bomba, nikapitilizwa kituo na sikujali. Serikali nayo toka 2022 imeleta tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu, Taasisi ya Elimu (TET) ndo wanaisimamia na wanaitoa Aprili 13, na ikikaribia hiyo tarehe magrupu ya waandishi hayalali. Mi naipenda kwa sababu moja tu, kazi zinazoshinda zinachapwa, maana hela ya tuzo utakula itaisha lakini mtu akikuchapia na kukusambazia kakutoa kwenye huo msala wa mabasi.

Huku kwetu nimepata dili langu dogo. Nasukia saluni moja hapa mtaani, na kusuka twisti ni kazi ya masaa, mtu kakaa hana pa kwenda, chaji ya simu imeisha, runinga inarudia tamthilia ya jana. Nikamwachia dada wa saluni vitabu vitano mali kauli. Aisee viliisha! Mmoja anasoma kwa sauti wengine wanachangia, wanamtukana mume wa kwenye kitabu utadhani anaishi mtaa wa pili, mteja akimaliza kusukwa hajamaliza kusoma ananunua aende nacho. Na hela analeta mwenyewe Jumapili, hesabu kwenye karatasi ya kipakiti cha rasta, hakuna mchakato wala anayesaini. Sasa kaanza na masharti, "Dada lete vingine kumi, ila hicho unachoandika usikimalizie kwa huzuni, wateja wanalia kope za bandia zinabanduka wanataka niwarudishie bure". Nimemwambia nitaangalia. Na huyo anayekufa yuko sura ya tisa, nishamwandika, na ni yule wanaempenda wote.