Nguru, kanadi, jodari, sehewa: umeuziwa yupi?

Samaki akishakatwa mapande, majina huanza kuhama. Kanadi hugeuka nguru, sehewa hugeuka jodari, na bei nayo hupanda. Wote wanne ni ukoo mmoja, ila sufuriani kila mmoja ana tabia zake.

Nguru ana michirizi iliyosimama, kutoka mgongoni kwenda tumboni. Ya kanadi imelala kufuata urefu wa mwili, tena imekatikakatika. Ngozi ikishafifia kwa jua, tazama ule mstari mwembamba wa ubavuni unaoanzia nyuma ya matamvua hadi mkiani. Wa nguru hushuka ghafla karibu na mwisho wa pezi la pili la mgongoni. Wa kanadi huteremka taratibu. Hata hivyo, aliyepewa kanadi kwa jina la nguru hajaibiwa sana. Wote wawili nyama yao ni nyeupe na hukaangika vizuri.

Kwa jodari ndipo pa kufungua macho. Jodari hasa ana vile vipezi vidogo vya karibu na mkia vya rangi ya manjano, na akiwa mkubwa pezi lake la pili la mgongoni hurefuka na kupinda kama mundu. Sehewa hana hayo. Isitoshe, jina la sehewa hubeba samaki wawili: mmoja ana mistari kadhaa tumboni, mwingine ana michoro ya mshazari mgongoni na madoa machache chini ya pezi la ubavuni. Pande la sehewa lina nyama nyeusi nyingi karibu na mfupa, na hiyo ndiyo inayoleta ile shombo kali. Itoe kwa kisu, upake chumvi na ndimu, umwage maji yanayotoka, ndipo upike. Mchuzi wa nazi unamfaa kuliko kukaanga, kwani mafuta yanamkausha.

Ukoo huu wote ukikaa juani hutengeneza sumu iitwayo histamini, na moto hauiondoi hata uchemshe vipi. Weka kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki, tangu kwenye chombo cha uvuvi. Nyama ikiwasha ulimi kama pilipili, iteme. Uso ukiwa mwekundu, kichwa kikagonga na ngozi ikawasha muda mfupi baada ya kula, nenda hospitali, na useme umekula samaki gani.