Ampli ya kwanza na lektere ya CD: franga ziende wapi

Watu wananiuliza sana kitu kimoja, yaya niko na dola 400, ninunue ampli gani na lektere gani ya CD, na nikiwauliza bafle zako ni zipi wananyamaza kidogo halafu wanasema bafle tutaangalia kisha. Hapana bandugu. Bafle njo inatoa sauti, ampli kazi yake ni kuisukuma tu, na ampli mbili za bei ya chini zilizotengenezwa vizuri zinafanana kuliko vile bafle mbili zitafanana hata siku moja. Mimi zile 400 ningeweka nusu ku bafle, sehemu kubwa ya iliyobaki ku ampli, kidogo ku stabilizata, ile mashine ya kutuliza umeme, na lektere ya CD ningeipa makombo. Najua watu wa hi-fi wa Bulaya watakasirika kusikia hivyo lakini wao hawaishi na delestaje yetu ya hapa Lubumbashi, umeme wa kukatwakatwa, ngoja nieleze.

Tuanze na wati, juu pale njo watu wanaibiwa. Ukizunguka soko Kenya la hapa kwetu au maduka ya katikati ya mji utaona chombo kimeandikwa 3000W kwa herufi za kung'aa, na pembeni kwa herufi ndogo sana PMPO. Hiyo PMPO haina kipimo kimoja ambacho watu wote wanakifuata, kila kiwanda kinaandika namba yenye kinapenda. Wewe geuza mashine, soma kile kibao cha nyuma pale wanaandika inakula umeme kiasi gani. Kama inakula wati 60 toka ku prizi basi haiwezi kutoa wati 3000 mu bafle kwa wimbo mzima, itazitoa wapi? Ni sawa na mfuko wa makala ya kupikia, juu wamepanga vipande vikubwa vizuri, ukifika chini ni unga mutupu.

Namba ya kweli inaandikwa kirefu: wati ngapi, kwa kila upande, ku ohm 8 (ohm ni kipimo cha vile bafle inazuia umeme), pande zote mbili zikipiga pamoja, na sauti inaharibika asilimia ngapi. Denon PMA-600NE kwa mfano ni wati 45 ku ohm 8 na 70 ku ohm 4, Marantz PM6007 ni 45 na 60, Cambridge Audio AXA35 jina lenyewe linasema ni 35, Yamaha A-S201 wao wanaandika 100. Na kuna NAD 3020, ya mwaka 1978, mpaka leo watu wanaitafuta, ile iliandikwa wati 20 tu kwa upande na ilijulikana kwa kusukuma bafle ngumu bila kulia. Kijana wa leo akiona 20 anacheka.

Asicheke. Sikio halihesabu wati moja moja. Ukitoka 50 ukaenda 100 umeongeza desibeli 3, utasikia tofauti lakini hutashtuka, na ili sauti isikike kama imekuwa mara mbili unahitaji wati karibu mara 10. Kwa hiyo ile namba inayoandikwa ku bafle, desibeli kwa wati 1 ku mita 1, ina maana kuliko watu wanavyofikiri: bafle ya 90 na ampli ya wati 45 zinapiga sawa na bafle ya 87 na ampli ya wati 90. Desibeli 3 za bafle zimekupa ampli ya pili bure. Kwa salo ya kawaida ya mitaa yetu ya Katuba ama Kamalondo, wati 45 za kweli zinatosha mpaka mama wa jirani atume mtoto aje kuuliza kuna sherehe gani.

Sasa umeme. Kabla ya kusikiliza sauti, kabla ya kujadili bei, soma volti nyuma ya mashine. Yetu ni 220. Mashine nzuri sana za okazyo, zilizotumika, zinafika toka Japani na kule wanatumia 100, za Marekani ni 120, ukichomeka ile ya 100 moja kwa moja utasikia harufu kabla ya muziki. Na usiamini fishi, ile plagi ya kuchomeka ku prizi! Fishi inakatwa na kubadilishwa pale pale ku meza ya muuzaji, mashine ya Japani inavaa fishi ya kwetu na inakaa pale kama mzaliwa wa mtaa wa Kampemba. Kibao cha nyuma njo kinasema kweli. Kama unaipenda sana ile ya 100 basi nunua na transfo ya kushusha, na weka bei ya transfo mu hesabu kabla ya kusema umepata bei nzuri.

Umeme ukikatika si tatizo sana, tatizo ni vile unarudi. Unarudi juu, unashuka, unapanda tena, na mashine iliyokuwa imewashwa njo inapokea yote hayo. Stabilizata yenye kungoja dakika chache kabla ya kupitisha umeme ni kitu cha maana kuliko nyaya za dhahabu, na bado mimi nikisafiri natoa fishi ku ukuta. Wenye batri na konvertisere, ile ya kugeuza umeme wa batri uwe kama wa ukutani, wajue kwamba zile za bei rahisi hazitoi umeme laini, ampli yenye transfo kubwa itaanza kunguruma mmmmm hata bila muziki, ampli haijafa, ni chakula kibaya unaipa.

Na hapa kuna njia ambayo ningemwambia kijana yeyote mwenye panneli ya jua na batri ya volti 12, ambayo ukisoma magazeti ya hi-fi hutaikuta. Kuna ampli ndogo, ukubwa wa kiganja, zinatumia chipu ya TPA3116 ya Texas Instruments, makampuni kama Fosi Audio na Aiyima wanaziuza. Ile chipu inakubali volti toka chini ya 5 mpaka 26, maana yake unaifunga moja kwa moja ku batri, bila konvertisere, bila mngurumo, bila kungoja delestaje iishe. Ku volti 12 na bafle ya ohm 8 itakupa wati 8 hivi, tisa tukiwa wakarimu, si kitu cha harusi, lakini na bafle ya desibeli 90 mu chumba kidogo utashangaa. Weka tu fiuzi kati ya batri na ampli, batri haina huruma.

Sasa lektere ya CD, ile niliyoipa makombo. CD ilitoka mwaka 1982, Sony na Philips, na toka siku ile mpaka leo kilichoandikwa ndani hakijabadilika: namba za biti 16, mara 44,100 kwa sekunde kwa kila upande. Lektere inasoma namba, inasahihisha zile zilizopotea ku mikwaruzo, halafu kuna sehemu inayoitwa DAC inazigeuza kuwa muziki. Kama ampli yako ina DAC ndani, kama ile PM6007 na ile PMA-600NE ambazo zina tundu la optikali na la koaksiali, yaani matundu ya kupokea namba, basi lektere kazi yake inabaki kusoma namba na kuzituma. Na lektere ya DVD, ile iliyosahauliwa chini ya televizyo kwa baba yako mudogo, nyingi zina tundu la koaksiali nyuma, la rangi ya chungwa mara nyingi. Namba zinazotoka pale ni zile zile. AXA35 na A-S201 hazina matundu hayo, pale itabidi utumie nyaya nyekundu na nyeupe, na hapo DAC ya ile DVD njo itakuwa inaimba, si mbaya lakini si sawa.

Kwa hiyo kwa nini mtu anunue lektere ya kweli? Juu DVD inachokesha. Nyingi hazina kioo cha kukuonyesha wimbo wa ngapi, inachukua muda kufikiri, telekomandi imepotea toka zamani, nyingine inataka televizyo iwake ndipo uone unafanya nini. Lektere ya kweli kama Denon DCD-600NE unaingiza CD unafinya inapiga, na inasoma hata zile CD za MP3 tulizogravisha miaka ile, nyimbo 150 mu CD moja. Uliza hilo kabla ya kulipa, lektere nyingine za hi-fi zinadharau MP3 kabisa, na hapa kwetu nusu ya CD za watu ni za kugravisha.

Ya okazyo ni nzuri pia lakini hapo unanunua mashine inayozunguka, yenye meno na mkanda na lenzi, na hivyo vitu vinazeeka. Ampli ya miaka 30 inaweza kuwa nzima kabisa, lektere ya miaka 30 ni bahati. Njoo ku duka na CD yako mwenyewe, ndefu, yenye mikwaruzo kidogo, usikubali ile ya muuzaji. CD inasomwa toka katikati kwenda nje, kwa hiyo wimbo wa kwanza hautakuambia kitu, ruka moja kwa moja mpaka wa mwisho. Hapo njo lenzi iliyochoka inaanza kutafuta, inakata, inarudi, unasikia ndani tsk tsk tsk. Fungua na ufunge mlango wake mara nyingi bila haya. Kama unasita, mkanda umelegea, hilo ni dogo, fundi depanere anabadilisha. Lenzi ndiyo ya kuuliza ni ya aina gani: ile ya Sony KSS-213 iliingia mu mashine nyingi sana na mpya bado zinatengenezwa, lakini lektere yenye lenzi ya ajabu ajabu iache hata kama ni ya jina kubwa. Na ile ya kusema "yaya, ni vumbi tu" mara nyingine ni kweli! Julai na Agosti vumbi letu jekundu linaingia kila mahali, pamba na alkoli safi vinatosha, si parfume, tafadhali.

Ampli ya okazyo nayo ina mtihani wake. Washa, subiri: nyingi zinakaa sekunde chache kimya halafu unasikia tak, ile ni relei inafungua bafle baada ya kuhakikisha hakuna ubaya. Isipopiga tak, usibishane, toka. Zungusha sauti polepole, kama inakwaruza krrr ni uchafu ndani ya kitufe, inasafishwa, tumia hilo kupunguza bei. Ukiwa na multimeta, weka vidole vyake ku matundu ya bafle bila bafle na bila muziki, volti za DC: chini ya milivolti 50 lala usingizi, ikisoma volti nzima ile ampli itachoma bafle zako.

Halafu muziki. Watu wanakuja na ngoma yenye besi nzito, mimi napeleka Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa zamani wa kwetu. Hugh Tracey, yule mzungu aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimrekodi mwaka 1952 pale Jadotville, yaani Likasi yetu, gitaa moja na sauti moja, na ni mono. Mono maana yake bafle mbili zinapiga kitu kile kile kabisa, basi ukikaa katikati gitaa lazima likae katikati, mbele ya pua yako, kama hakuna bafle. Likienda kushoto, geuza nyaya za kuingilia ampli, upande wa kulia uende kushoto. Likihamia kulia shida iko ku lektere, likibaki kushoto shida ni ampli ama bafle. Wakati muuzaji anashangaa kwa nini huyu anasikiliza wimbo wa wazee bila kutingisha kichwa, wewe umeshajua kila kitu. Halafu shusha sauti mpaka chini sana: pande zote mbili bado zinasikika sawa? Ampli nyingi za bei ya chini zinapoteza upande mmoja pale, na kama wewe unasikiliza usiku watoto wamelala hiyo itakuudhi kila siku.

Nyaya za bafle zisikule franga zako. Waya wa umeme wa shaba wa 2 x 1.5 (milimita za mraba) toka kenkayeri, duka la vifaa, unatosha kwa mita chache, ukitaka kujitukuza chukua 2.5. Lakini kwaruza ncha kwa kisu kwanza, juu siku hizi wanauza aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba, ndani ni nyeupe. Mu Lubumbashi! Shaba inatoka hapa chini ya miguu yetu, inapita mpakani Kasumbalesa kwa malori usiku na mchana, na sisi tunauziwa aluminiamu.

Mtu wa dola 400 bado anangoja jibu, basi: bafle za okazyo za desibeli 89 kwenda juu, ampli ya okazyo yenye tundu la koaksiali, ile DVD ya baba mudogo, stabilizata. Lektere ya kweli ngoja mpaka ile DVD ikuchoshe, na itakuchosha, mimi ya kwangu inataka nifinye "play" mara mbili na hakuna depanere ameniambia kwa nini.