Twiga wa nyuma walikuwa miguu juu

Aliyeniambia kwamba begi la kamba, lile la kitambaa ambalo mdomo hufungwa kwa kuvuta kamba, ni kazi ya nusu saa, nadhani alikuwa anazungumzia foronya. Mimi limenila jioni tatu, na ya pili karibu yote nilikuwa nafumua.

Binti yangu alikuwa anaanza kujifunza kuogelea, akataka begi lake mwenyewe la mgongoni, lenye jina, lisilofanana na la mtu. Kitambaa alichagua yeye: pamba nzito kidogo, yenye twiga wa manjano waliojipanga kama askari. Nikakifua kwanza na kukipiga pasi, maana pamba husinyaa, na afadhali isinyae kabla ya mkasi kuliko baada.

Sasa jirani yangu, fundi wa maneno, akanishauri: "Vipande viwili vya nini? Kata kimoja kirefu, ukikunje katikati, chini hushoni kitu. Umeokoa mshono mzima." Nikaona ana akili. Nikakata, nikashona pembeni huku na huku, nikageuza. Mbele twiga wameshika adabu. Nikatazama nyuma: wote miguu juu, shingo chini, kama wanachungulia kisima. Zuhura akaligeuza begi mara mbili, kisha akauliza kwa upole kabisa, "Mama, hawa wa nyuma wamekufa?"

Hata mtoto angeliona hilo kwa kukunja karatasi yenye picha. Kitambaa cha rangi moja, au cha maua yaliyotawanyika ovyo, hakina shida. Chenye vichwa na miguu, nusu moja itapinduka tu. Nikafumua pembeni kote, nikakata pale kwenye kunjo, nikakipindua kipande cha nyuma na kushona chini. Begi likapungua urefu sentimita 1.5 na hakuna aliyegundua.

Kufumua kulikuwa na heri yake, kwa sababu jina nilikuwa nimelisahau, na jina hushonwa kitambaa kikiwa bado bapa. Herufi nilizichora upande wa ndani wa kitambaa chekundu, ili chaki isionekane. Nilipozikata na kuzigeuza, U, H na A zilikuwa sawasawa, nikajipongeza. Kumbe Z na R zinatazama kinyumenyume! Hizo mbili nikazikata upya, nikazizungushia mshono wa zigizaga. Jina liweke chini kidogo ya katikati. Ukilipandisha sana, mdomo wa begi ukivutwa litamezwa na mikunjo. Wapo wanaosema jina lisikae nje kabisa, mtu asiyemjua mtoto asije akamwita kama anamjua. Wana hoja, lakini wajaribu wao kumwambia Zuhura.

Huko juu sina mengi: acha sentimita 8 bila kushona kila upande, kunja 1, kunja tena 3, shona; ndani ya kunjo hilo ndimo kamba zitakamopita. Chini kwenye pembe bana vitanzi vya kufungia kamba ndani ya mshono na upitishe cherehani mara tatu, maana hapo ndipo uzito wote unapovuta.

Kamba ni mbili, kila moja kama mita 1.5. Mara ya kwanza nilizianzisha zote upande wa kushoto. Nikavuta, begi likanuna upande mmoja kama mtu mwenye jino bovu. Ya kwanza ianzie kushoto, izunguke mbele na nyuma, irudi kutokea kushoto. Ya pili ifanye hivyohivyo kutoka kulia. Ncha za kila kamba zifungwe kwenye kitanzi cha upande wake.

Na hiyo pini ya kupitishia kamba, ambayo kila mtu anaisifu, ilinifungukia katikati ya safari, ikang'ata kitambaa, haiendi mbele wala hairudi. Dakika ishirini naipapasa kama daktari, na kidole kikatoboka. Kamba ya pili niliiingiza ncha kwenye mrija wa kunywea juisi, nikaibana kwa utepe wa gundi, nikausukuma mrija. Ukateleza mpaka upande wa pili kabla sijamaliza kukaa vizuri. Jamani, mrija!

Jirani alipoliona begi akalisifu, kisha akauliza kwa nini nilijisumbua na mshono wa chini. Nikamweleza habari za twiga, mwanzo mpaka mwisho.

"Sasa," akasema, "si ungechagua kitambaa cha maua?"