Nilivyoweza kutofautisha vyungu vya Kigiriki vya kuchanganyia divai

British Museum hapa London haitozi kiingilio, na hilo lilinisaidia kuliko kitabu chochote, maana kazi hii inataka kurudi tena na tena. Vyumba vya Ugiriki ya kale vimejaa vyombo hadi macho yanachoka. Niliamua kushughulika na aina moja tu: krateri, chungu kikubwa chenye mdomo mpana kilichowekwa katikati ya wanaume wakinywa. Humo divai ilitiwa maji, pengine sehemu tatu za maji kwa moja ya divai. Kunywa divai tupu kwao kulikuwa tabia ya washenzi.

Michoro niliiweka kando kwanza. Inavutia, lakini Dionysos, mungu wa divai, na wafuasi wake wamo kwenye kila aina ya chombo, hawakuambii umeshika nini. Nikatazama mikono ya kushikia chombo. Nilikuwa nachora umbo kwenye daftari, nataja aina yake, ndipo nasoma kibandiko.

Krateri ya nguzo, aina ya kwanza, ina mikono iliyosimama wima toka begani hadi ukingoni. Ile ya pili mikono yake inapanda kupita mdomo kisha inajikunja kama pembe za kondoo dume. Ndiyo ya fahari zaidi, na mfano wake maarufu ni Chombo cha François kilichoko Florence, cha mwaka 570 KK hivi. (Mwaka 1900 mlinzi alikivunja vipande 638. Kiliungwa upya.) Ya tatu imepanuka juu, na mikono imeshuka karibu na kitako. Ya nne, ya kengele, ina mikono midogo iliyo juu ubavuni. Hii ilichelewa kuanza, kwa hiyo huikuti na michoro ya mtindo wa zamani, ambamo watu walipakwa rangi nyeusi. Watu wake ni wa rangi nyekundu ya udongo, na weusi umejaza nyuma yao.

Kilichonisumbua ni dinos, chungu cha mchoraji Sophilos, ya mwaka 580 KK hivi. Kazi yake ni ile ile ya kuchanganya, ila haina mkono hata mmoja, na kitako chake ni mviringo, haisimami bila kigoda chake. Hapo nikarudi kwenye michoro: wageni wanawasili harusini kwa Peleus, shujaa wa hadithi za Kigiriki, Dionysos akiwa na tawi la mzabibu, na kando pameandikwa kwamba Sophilos ndiye aliyechora.